Simfoni Na. 5 (Sibelius)

Simfoni Na. 5 katika ufunguo wa E flati meja, Opus 82, ni utungo wa okestra wa Jean Sibelius (8 Desemba 1865 – 20 Septemba 1957), mtunzi wa muziki kutoka Ufini. Ni mojawapo ya simfoni za karne ya 20 zinazopigwa mara nyingi zaidi duniani. Inajulikana pia kwa historia yake: mtunzi aliiongoza mbele ya hadhira mwaka 1915, akaibadilisha na kuiongoza tena mwaka 1916, kisha akaiandika upya na kuitoa kwa mara ya tatu mwaka 1919. Toleo la 1919 ndilo lililochapishwa, na ndilo linalosikika leo karibu kila mahali.

Tofauti kati ya matoleo hayo si za kusahihisha makosa madogo. Toleo la kwanza lina sehemu nne, la mwisho lina sehemu tatu. Mwanzo si uleule, na mwisho si uleule. Kwa sababu nota za toleo la kwanza zimesalia, wasikilizaji na wanafunzi wa muziki wanaweza kufuata jinsi mtunzi alivyofikiri, alichokiacha na alichokiweka mahali pake. Jambo hilo ni nadra, kwa kuwa watunzi wengi huharibu rasimu zao.

## Istilahi

Maneno yafuatayo yanatumika katika makala hii:

* Simfoni: utungo mrefu wa okestra, ambao kwa kawaida hugawanyika katika sehemu tatu au nne.
* Sehemu: kipande kimoja cha simfoni chenye mwendo wake na umaliziaji wake. Kati ya sehemu na sehemu kwa kawaida wapigaji hunyamaza kidogo.
* Skerzo: sehemu ya simfoni yenye mwendo wa haraka na mapigo matatu matatu, ambayo mara nyingi huwa na uchangamfu wa dansi.
* Kordi: noti kadhaa zinazopigwa kwa wakati mmoja.
* Ufunguo: ngazi ya noti ambayo muziki umejengwa juu yake. Wanakwaya wanaosoma sol-fa huutambua kwa kuuliza "do iko wapi?". Katika simfoni hii do ni E flati.
* Horni: ala ya shaba ya kupuliza yenye bomba refu lililokunjwa duara, jamaa ya baragumu.
* Ala za mbao: filimbi, obo (jamaa ya zumari), klarineti na basuni.
* Ala za nyuzi: fidla, viola, selo na besi.

## Usuli

Mwaka 1915 Sibelius alikuwa anatimiza miaka 50. Ufini wakati huo haikuwa nchi huru. Tangu mwaka 1809 ilikuwa Utemi Mkuu chini ya mfalme wa Urusi. Nyimbo na tungo zake za okestra, hasa *Finlandia*, zilikuwa zimemfanya kuwa alama ya taifa ambalo bado halikuwa na dola yake. Kwa sababu hiyo siku yake ya kuzaliwa, tarehe 8 Desemba, ilitarajiwa kuadhimishwa kama sikukuu ya watu wote, na simfoni mpya ilitakiwa kuwa kilele cha maadhimisho hayo.

Simfoni iliyotangulia, ya Nne (1911), ilikuwa imewashangaza wengi. Ilikuwa na huzuni, ukavu na sauti zinazogongana. Katika kiangazi cha mwaka 1914 Sibelius alisafiri kwenda Marekani, akaongoza tungo zake mjini Norfolk katika jimbo la Connecticut na kupewa shahada ya heshima na Chuo Kikuu cha Yale. Aliporejea nyumbani, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilianza. Vita hivyo vilimtenga na wachapishaji wake wakuu, kampuni ya Breitkopf & Härtel ya Leipzig, kwani Ufini ilikuwa upande wa Urusi na Leipzig ilikuwa nchi ya adui. Mapato yake yakapungua, na ili kulipa madeni akalazimika kuandika vipande vingi vifupi vya piano na fidla kwa ajili ya wachapishaji wa nchi za Skandinavia.

Mawazo ya kwanza ya Simfoni ya Tano yalimjia katika majira ya vuli ya mwaka 1914. Katika barua kwa rafiki yake Axel Carpelan alieleza kwamba alikuwa amezama tena bondeni, lakini tayari ameuona mlima atakaoupanda. Mwezi Aprili 1915 aliandika katika shajara yake kwamba kazi yake ilikuwa kama kupokea vipande vya mozaiki vilivyotupwa na Mungu kutoka sakafu ya mbinguni, naye akiambiwa atafute vilivyokuwa vimepangwa. Mfano huo unaeleza vizuri yaliyofuata. Vipande vikuu vya simfoni alikuwa navyo mapema. Kilichomchukua miaka minne zaidi ni kujua vinapangwaje.

Kipande mashuhuri kuliko vyote kinahusishwa na tarehe 21 Aprili 1915. Siku hiyo Sibelius, akiwa karibu na nyumba yake ya Ainola huko Järvenpää, aliona batamaji 16, ndege wakubwa weupe wenye shingo ndefu, wakizunguka juu yake kabla ya kupotelea katika ukungu wa jua. Alilihesabu tukio hilo kuwa miongoni mwa mambo makubwa ya maisha yake, akabainisha kwamba mlio wa ndege hao unakaribia sauti ya tarumbeta. Melodia pana ya horni katika sehemu ya mwisho ya simfoni huitwa hadi leo "wimbo wa batamaji".

## Toleo la kwanza (1915)

Sibelius aliendelea kuandika na kusahihisha hadi siku za mwisho kabla ya onyesho. Simfoni ilipigwa kwa mara ya kwanza mjini Helsinki tarehe 8 Desemba 1915, mtunzi mwenyewe akiongoza okestra ya mji huo. Katika programu ileile kulikuwa na utungo wake *Aallottaret* na Serenadi mbili za fidla na okestra, zilizopigwa na mpiga fidla Richard Burgin. Ukumbi ulijaa, pongezi zilimiminika, na miongoni mwa zawadi alizopewa kulikuwa na piano kubwa ya Steinway iliyonunuliwa na marafiki na mashabiki wake. Tamasha lilirudiwa mwezi uleule.

Toleo hili lilikuwa na sehemu nne:

1. Tempo tranquillo assai
2. Allegro commodo
3. Andante mosso
4. Allegro commodo – Largamente molto

Muziki huu ni mgumu zaidi sikioni kuliko ule unaojulikana leo. Mahali pengi funguo mbili zinakutana na kugongana, na ukavu wa Simfoni ya Nne bado unasikika. Kwa maneno mengine, Sibelius wa 1915 alikuwa amekwisha kuuona mlima, lakini mguu mmoja ulikuwa bado bondeni.

Hadhira haikulalamika. Angekuwa mtunzi mwingine, huenda angeipeleka kazi hiyo kwa mchapishaji na kuendelea na nyingine. Sibelius hakufanya hivyo. Wiki chache baada ya sherehe, shajara yake ilianza kuzungumzia marekebisho.

## Toleo la pili (1916)

Toleo la pili lilisikika mjini Turku tarehe 8 Desemba 1916, siku Sibelius alipotimiza miaka 51, yeye mwenyewe akiongoza. Siku chache baadaye alilipeleka Helsinki.

Badiliko kubwa la mwaka huu lilikuwa kuunganisha sehemu ya kwanza na ya pili. Mwaka 1915 zilikuwa sehemu mbili, ingawa zilichangia mawazo yaleyale ya melodia. Sasa Sibelius aliandika daraja jipya kati yake, ili ya kwanza isimalizike bali igeuke na kuwa ya pili huku muziki ukiendelea.

Toleo hili halipatikani kwa ukamilifu. Mtunzi alilitumia kama hatua ya kupita, na nota zake nyingi zilimezwa na marekebisho yaliyofuata. Hata baada ya maonyesho ya 1916 hakuridhika. Mwanzoni mwa 1917 alikuwa tayari ameamua kwamba simfoni lazima irudi mezani.

## Miaka ya misukosuko (1917–1919)

Kazi ilikwama kwa sababu ya mambo makubwa kuliko muziki. Mwaka 1917 mapinduzi yaliiangusha serikali ya mfalme wa Urusi, na tarehe 6 Desemba 1917 Ufini ikatangaza uhuru. Mwezi Januari 1918 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikazuka kati ya "Wekundu", waliotegemea wafanyakazi na wakulima wasio na ardhi, na "Weupe", waliokuwa upande wa serikali ya kihafidhina. Eneo la Järvenpää lilikuwa mikononi mwa Wekundu. Sibelius, aliyekuwa ametunga wimbo wa kijeshi kwa ajili ya vijana wa Kifini waliopata mafunzo Ujerumani, alijulikana kuwa upande wa Weupe. Mwezi Februari nyumba yake ilipekuliwa na askari wa Wekundu. Familia ikahamia Helsinki, ikapata hifadhi katika hospitali ya Lapinlahti, ambako ndugu yake Christian alikuwa daktari. Chakula kilikuwa haba na mtunzi alikonda sana. Vita vilikwisha mwezi Mei 1918.

Mwezi huohuo wa Mei 1918 Sibelius aliandika barua inayotaja mipango ya simfoni tatu kwa pamoja: ya Tano katika sura mpya, ya Sita na ya Saba. Kuhusu ya Tano alieleza kwamba karibu anaitunga upya yote na kwamba anaishughulikia kila siku.

Mwezi Machi 1919 Axel Carpelan alifariki. Alikuwa mshauri wake wa karibu kwa karibu miaka 20 na mtu aliyesikiliza habari za simfoni hii tangu siku ya kwanza. Mwezi Aprili, katika hali hiyo ya majonzi, Sibelius alifikia uamuzi wa kushangaza: aliandika katika shajara kwamba anaondoa sehemu zote zinazofuata ile ya kwanza, na kwamba sehemu ya kwanza peke yake inatosha kuwa fantasia ya okestra. Kama angeshikilia uamuzi huo, wimbo wa batamaji ungepotea. Siku chache tu baadaye alibadili mawazo na kuzirudisha sehemu zilizobaki.

## Toleo la tatu (1919)

Toleo la mwisho lilipigwa Helsinki tarehe 24 Novemba 1919, Sibelius akiongoza tena. Lilichapishwa mwaka 1921 na kampuni ya Wilhelm Hansen ya Copenhagen. Okestra yake ni ya kawaida kwa wakati ule: filimbi 2, obo 2, klarineti 2, basuni 2, horni 4, tarumbeta 3, tromboni 3, ngoma za timpani na ala za nyuzi. Muda wake ni takriban dakika 30, pungufu ya toleo la 1915 kwa dakika kadhaa.

Sehemu zake ni tatu:

1. Tempo molto moderato – Allegro moderato – Presto
2. Andante mosso, quasi allegretto
3. Allegro molto – Misterioso – Largamente assai

## Mabadiliko makuu

### Mwanzo

Toleo la 1919 linaanza na mwito wa horni unaopanda: B flati, E flati, F, B flati. Kwa sol-fa ni *sol, do, re, sol*. Ni noti nne tu, lakini zinafungua mlango wa simfoni nzima, na msikilizaji anajua mara moja yuko katika ufunguo gani.

Mwito huo haupo katika toleo la 1915. Pale muziki unaingia moja kwa moja kwenye maongezi ya ala za mbao juu ya sauti tulivu ya horni. Anayelijua toleo la kawaida akisikiliza lile la kwanza hupata hisia ya kufika mazungumzo yakiwa yameshaanza. Hivyo, moja ya noti za Sibelius zinazokumbukwa zaidi haikuwa wazo la kwanza. Ilikuja baada ya utungo kuwa umekwisha kupigwa mbele ya watu.

### Sehemu mbili kuwa moja

Hili ndilo badiliko linalosomwa zaidi na wanamuziki. Katika toleo la mwisho sehemu ya kwanza inaanza kwa mwendo wa polepole wenye vipimo virefu vya mapigo 12 madogo. Muziki unakua hadi kufikia kilele kikubwa cha ala za shaba. Hapo, bila kusimama, vipimo hivyo virefu vinagawanyika: kile kilichokuwa kipimo kimoja kinakuwa vipimo vinne vifupi vya mapigo matatu, na msikilizaji anajikuta ndani ya skerzo. Kasi inaendelea kuongezeka kidogo kidogo hadi Presto mwishoni.

Ugumu wa jambo hili uko katika kutosikika kwake. Hakuna mahali ambapo mtu anaweza kusema kwa hakika, "polepole imeishia hapa na haraka imeanzia hapa." Ni kama kutazama mto unaoelekea kwenye maporomoko: maji ni yaleyale, ila ukishtuka yanakimbia. Mwongozaji wa okestra asiye makini huharibu yote kwa kuongeza kasi ghafla.

Mwaka 1915 msikilizaji alipewa vitu viwili vyenye undugu na kuachiwa autambue undugu huo mwenyewe. Mwaka 1919 anaona kimoja kikizaliwa kutoka katika kingine.

### Andante

Sehemu ya polepole, katika ufunguo wa G meja, imejengwa juu ya mdundo mfupi wa noti tano unaorudiwa kwa sura mbalimbali, mara kwa vidole kwenye nyuzi, mara kwa filimbi. Sibelius aliipanga upya pia, ingawa tabia yake ya upole ilibaki. Katika toleo la mwisho sauti za chini zinachungulia hatua pana za wimbo wa batamaji kabla haujafika, kwa hiyo sehemu ya mwisho inapoanza sikio limeshaandaliwa bila kujua.

### Sehemu ya mwisho

Ala za nyuzi zinaanza kwa kukimbia na kutetemeka, kisha horni zinaingia na wimbo wa batamaji, zikiyumba juu na chini kama kengele kubwa. Juu yake ala za mbao na selo zinaimba melodia nyingine. Mwandishi Mwingereza Donald Tovey aliufananisha muziki huo na Thor, mungu wa ngurumo wa Wanorse, akizungusha nyundo yake.

Wimbo huo ulikuwepo tangu 1915. Kilichobadilika ni mazingira yake. Toleo la kwanza lina sehemu ya mwisho ndefu zaidi, yenye vipindi ambavyo tarumbeta na ala nyingine zinashikilia noti zisizopatana na ufunguo wa chini. Mwaka 1919 Sibelius alikata vipimo vingi na kupunguza migongano hiyo. Ushindi ukawa wazi zaidi, na njia ya kuufikia ikawa fupi. Hata hivyo hakuondoa ugumu wote: kabla ya mwisho kordi zenye maumivu bado zinausukuma wimbo kila upande, na tarumbeta zinalazimika kupigania kurudi nyumbani kwenye E flati.

### Mapigo sita ya mwisho

Simfoni inamalizika kwa kordi sita za okestra nzima. Katika toleo la 1919 kila kordi inafuatwa na kimya. Okestra inapiga, inanyamaza, inapiga, inanyamaza. Mara nyingi msikilizaji mgeni huanza kupiga makofi kabla ya wakati, akidhani muziki umekwisha.

Katika toleo la 1915 kordi hizo zipo, lakini kimya hakipo. Ala za nyuzi zinaendelea kutetemeka na kujaza nafasi kati ya pigo na pigo, na umaliziaji unafanana na wa simfoni nyingi za zama zile. Ili kuufanya mwisho huu uwe wa kipekee, Sibelius hakuongeza noti. Aliziondoa.

## Ulinganisho kwa muhtasari

| Jambo | 1915 | 1916 | 1919 |
|---|---|---|---|
| Onyesho la kwanza | 8 Desemba, Helsinki | 8 Desemba, Turku | 24 Novemba, Helsinki |
| Mwongozaji | Sibelius | Sibelius | Sibelius |
| Sehemu ya kwanza na skerzo | Mbali mbali | Zimeunganishwa | Zimeunganishwa |
| Hali ya nota | Zimesalia | Hazijakamilika | Zilichapishwa 1921 |

## Hatima ya toleo la kwanza

Baada ya 1919 Sibelius hakutaka matoleo ya awali yapigwe. Kwa miongo mingi toleo la 1915 lilijulikana kwa wataalamu tu. Nota zilizotumiwa na wapigaji wa okestra zilikuwa zimehifadhiwa, na kutokana nazo utungo wote uliweza kuunganishwa tena. Mwaka 1982 familia ya Sibelius ilikabidhi mkusanyiko mkubwa wa miswada yake kwa maktaba ya Chuo Kikuu cha Helsinki, ambayo leo ni Maktaba ya Taifa ya Ufini, na utafiti juu ya rasimu zake ukapanuka sana.

Katika miaka ya 1990, kwa ruhusa ya familia, mwongozaji Osmo Vänskä na Okestra ya Simfoni ya Lahti walirekodi toleo la 1915 kwa ajili ya kampuni ya BIS ya Uswidi. Kwa mara ya kwanza msikilizaji wa kawaida aliweza kusikia matoleo mawili, moja baada ya jingine.

## Hoja kuhusu toleo halisi

Kurudi kwa toleo la 1915 kumeibua swali ambalo wanamuziki hulijibu kwa njia tofauti: je, ni haki kupiga kazi ambayo mtunzi mwenyewe aliikataa?

Wanaosema hapana hutaja kwamba Sibelius alitumia miaka minne ya vita, njaa na msiba kuiacha sura ile. Aliyesikia simfoni ikishangiliwa na taifa zima na bado akaona haijakamilika, maamuzi yake yanastahili kuheshimiwa. Kusambaza rasimu ni kumsomea mtu barua aliyoichana.

Wanaosema ndiyo hujibu kwamba toleo la 1915 halikuwa rasimu ya mezani. Lilipigwa hadharani na mtunzi mwenyewe, na watu walilipokea. Huongeza kwamba katika usafishaji kitu fulani kilipotea: ukali na ujasiri wa Sibelius aliyekuwa karibu na muziki mpya wa wakati wake. Kwao, toleo la 1919 ni bora lakini si refu kwa kina kila mahali.

Kwa vitendo, swali hilo limepata jibu la katikati. Toleo la 1919 linaendelea kupigwa kwenye kumbi, na lile la 1915 linatumika hasa kwa kujifunza. Wanaoyasikiliza yote mawili kwa kawaida hukubaliana juu ya jambo moja: mambo yanayofanya simfoni hii ipendwe zaidi, yaani mwito wa horni, mgeuko wa polepole kuwa haraka, na kimya cha mwisho, yote yalikuja baada ya toleo la kwanza.

## Kulinganisha na kazi nyingine

Kurudia kazi ilikuwa desturi ya Sibelius. Utungo wake *En saga* wa 1892 aliufanyia marekebisho mwaka 1902. Tamasho lake la Fidla lilipigwa Helsinki mwezi Februari 1904, akaliandika upya, na toleo jipya likasikika Berlin mwezi Oktoba 1905 chini ya uongozi wa Richard Strauss.

Watunzi wengine pia wanajulikana kwa matoleo mengi. Robert Schumann alitunga simfoni katika D maina mwaka 1841 na kuitoa upya mwaka 1851. Ndiyo inayoitwa leo Simfoni Na. 4. Anton Bruckner wa Austria alibadilisha simfoni zake mara nyingi. Simfoni yake ya Nane ya mwaka 1887 ilikataliwa na mwongozaji Hermann Levi, na Bruckner akaiandika upya kufikia 1890. Tofauti ni kwamba Bruckner mara nyingi alisukumwa na mashaka ya marafiki na wanafunzi wake. Sibelius katika Simfoni ya Tano hakusukumwa na mtu. Aliyekuwa hajaridhika ni yeye peke yake.

## Athari

Simfoni katika sura yake ya mwisho ilivuka mipaka ya Ufini haraka. Mwezi Februari 1921 Sibelius mwenyewe aliiongoza mjini London, na mwezi Oktoba mwaka huohuo Leopold Stokowski aliiongoza Philadelphia, Marekani. Rekodi yake ya kwanza ilifanywa mwaka 1932 na Robert Kajanus, rafiki wa siku nyingi wa mtunzi, pamoja na Okestra ya Simfoni ya London.

Kwa Sibelius mwenyewe, kazi hii ilikuwa pia shule. Alichojifunza kwa kuunganisha sehemu mbili mwaka 1916 alikifikisha mwisho katika Simfoni Na. 7 (1924), ambayo ina sehemu moja tu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Tabia ya kutoridhika, hata hivyo, haikuwa na mwisho mwema kila mara. Simfoni ya Nane aliishughulikia kwa miaka mingi bila kuitoa, na katika miaka ya 1940 aliteketeza kwa moto miswada mingi nyumbani Ainola. Inaaminika nota zake zilikuwamo. Mtu yuleyule ambaye mwezi Aprili 1919 alikuwa karibu kuufuta wimbo wa batamaji, safari hii hakubadili mawazo.

## Tazama pia

* Jean Sibelius
* Simfoni
* Okestra
* Historia ya Ufini
* Anton Bruckner